Fundi wa Igogo aliyemzuia mteja kununua vichwa vinne

Saa tatu kasoro asubuhi, Mastura Abubakary amelifungua tumbo la kompyuta na anaondoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Mzee Kashindye anapita na funguo mkononi kwenda kwenye meza yake, hatua nne kutoka hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," anajibu Kashindye bila kugeuza shingo.

Wiki mbili zilizopita wawili hawa walikuwa wakinywa chai ya birika moja. Leo Mastura, mwenye umri wa miaka 29, amepewa na mwenyekiti wa korido hadi Ijumaa aombe radhi mbele ya wenzake. Asipoomba, atafute meza mahali pengine.

Korido hii ya Igogo, jijini Mwanza, ina meza kumi na nne. Zote zinauza au kutengeneza kompyuta za mtumba, na Mastura ndiye mwanamke pekee. Kazi yake kubwa ni kuunda kompyuta za gemu kwa vijana na kwa wenye vyumba vya kuchezea. Kwa mwezi huuza sita, na kila moja humwachia shilingi 35,000 hivi.

Kilichomponza ni swali moja.

Jumatano ile, wiki mbili zilizopita, mkulima kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, aitwaye Revocatus alishuka kwenye feri akiwa na hela ya ng'ombe watatu aliowauza. Alitaka kompyuta nne ili afungue chumba cha gemu kisiwani. Alikuwa ameshasimama kwenye meza ya Mzee Kashindye, bei wamekubaliana, anahesabu noti.

Kompyuta alizochagua zilikuwa na prosesa ya kori nne. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kori ni sehemu za ubongo huo zinazogawana kazi. Wateja wa Mastura huziita vichwa.

Korido ina desturi yake. Mteja akishashika bidhaa ya jirani, wewe ni kiziwi. Humwiti, humkonyezi, huna la kusema hadi aiachie.

Mastura alisema. "Kaka, umeicheza?"

Revocatus alimgeukia. "Nicheze nini tena? Zina vichwa vinne."

"Hujanijibu."

"Dada, nikirudi Nansio wataniuliza vichwa vingapi. Nikisema viwili watanicheka mpaka gatini."

"Ng'ombe nao," Mastura akamwambia, "ungechukua wanne waliochoka au wawili wanaokamuliwa?"

Korido ilicheka. Kashindye hakucheka.

Mastura ana namna yake ya kuuza. Kwake hakuna anayelipa kabla ya kucheza mechi nzima ya mpira, kipindi cha kwanza na cha pili. "Kompyuta ikiwa ya baridi, hata mbovu inapendeza," anasema. "Ukweli wake unautafuta kipindi cha pili, ikishapata joto."

Basi ziliwekwa mbili, gemu ileile, timu zilezile. Ya Kashindye ilikuwa ya kori nne, iliyotengenezwa miaka kumi na tatu iliyopita. Ya Mastura ilikuwa ya kori mbili, ya miaka sita.

Dakika ya sitini ya mechi, mshambuliaji kwenye kompyuta ya kori nne aliinua mguu apige, akaganda. Mpira uliruka bila yeye. Mlinda mlango akadaka kitu ambacho hakikuwepo. Kwenye kioo cha pili mechi iliendelea kama maji.

Mastura anaeleza bila haraka, kama mtu aliyeeleza mara mia. "Gemu ya mpira ni chungu kimoja. Hata ulete wapishi wanne, mwiko unashikwa na mmoja au wawili. Ukipata wawili wenye mikono myepesi, wali unaiva. Wanne wazee watakuwa wanasubiriana tu."

Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo linalowashangaza wenzake hadi leo. Alifungua gemu ya vita, ya zile mpya. Kwenye kompyuta yake yenyewe ilikataa hata kuwaka.

"Hii ni shughuli ya harusi," alimwambia Revocatus. "Vyungu vinne, na kila kimoja kinataka mtu wake. Hapa kori mbili hazifui dafu. Unahitaji kori nne, tena za miaka ya karibuni. Mimi sina, mzee hana. Kwanza kawaulize watu wako wanataka kucheza nini."

Revocatus alikunja noti zake, akapanda feri ya mchana mikono mitupu. Mastura hakuuza kitu siku hiyo.

"Polisi wa prosesa," kijana wa meza ya tatu alimtania jioni. "Umemkamata mteja, umemkamata jirani, na wewe mwenyewe umejikamata."

Mzee Kashindye, mwenye miaka 57, haongei kwa hasira. Anaonyesha makasha yaliyopangwa hadi darini nyuma yake. Ni kompyuta arobaini za kori nne, mzigo alioununua kwa mkupuo mwaka jana.

"Mimi sikumdanganya mtu," anasema. "Nilisema vichwa vinne. Avihesabu, vipo vinne. Hizo ndizo ada za wanangu wawili, na huyu amezifungia njia kwa mdomo wake."

Anapiga kasha la karibu kwa kiganja. "Huyu binti nimemshikisha kifaa cha kuunganishia nyaya kwa risasi mimi. Alikuja hapa hajui waya wa moto ni upi. Nikamkatia nusu ya meza yangu, bure, miezi minane."

Mastura anakubali kila neno. Baba yake, fundi viatu wa mtaa wa Pasiansi, aliugua mgongo mwaka 2017, na Mastura akaacha masomo ya stashahada mwaka wa pili. Alizunguka korido nzima akiomba kujifunza. Wengine walimwambia wanahitaji mfagiaji. Kashindye alimsogezea kiti.

"Bila yule mzee ningekuwa wapi sijui," anasema.

Kwa nini basi alifungua mdomo?

Anatafuta maneno huku akikaza skrubu. Mwaka 2021 alimuuzia kompyuta tatu za kori nne mwanamke wa Pasiansi aitwaye Tereza, muuza dagaa aliyetaka kufungua chumba cha gemu aepukane na jua la mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Zilikuwa za zamani kama hizi za Kashindye. Mastura mwenyewe wakati huo aliamini nne ni nyingi kuliko mbili, basi.

Wachezaji walikuja wiki ya kwanza. Ya pili walianza kulalamika kwamba mechi zinaganda. Ya sita Tereza alifunga mlango.

"Hakunigombeza," anasema Mastura. "Nilipopita aliniambia, 'Mwanangu, labda mimi ndiye sikujua kuzitumia.' Nililia njia nzima. Yeye anajilaumu, na kosa ni langu."

Alimrudia Tereza, akamwomba radhi, akamuundia kompyuta moja upya kwa gharama zake. Lakini chumba kilikuwa kimeshapewa mpangaji mwingine, na Tereza alikuwa amerudi mwaloni. Tangu hapo hakuna aliyenunua kwa Mastura bila kucheza mechi.

Kwa simu, Revocatus anasema ameshaulizia. "Wengi huku ni mpira tu. Nitachukua tatu za vichwa viwili, na moja ya vichwa vinne iwe mpya, hata kama ni ghali. Nataka anitafutie yeye. Ila nasikia wanamfukuza?"

Mastura ana mpango. Meza ikimponyoka, atahamia barazani kwa baba yake Pasiansi. Ameshapima nafasi, meza mbili zinaingia. Tatizo ni kwamba wateja wa Ukerewe hufika Igogo, na huko hatawaona. "Nitaanza na watano wanaonijua," anasema. "Lakini naomba nibaki hapa. Hapa ndipo kazi ilipo."

Ijumaa, baada ya sala, meza zote zimefunikwa na watu wamekaa kwenye makasha. Mwenye kosa katika korido hii huleta kreti ya soda, husema neno lake, watu wakanywa, yakaisha. Mastura amekuja mikono mitupu.

Kreti ipo hata hivyo, katikati ya duara.

"Soda nimenunua mimi," anasema Mzee Kashindye, na kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili anamtazama. "Wewe lete neno tu."

Obedi, mwenyekiti wa korido, anaushika mwanya huo. "Binti, mzee amekubebea nusu ya mzigo. Sema samahani, tunywe, turudi kazini. Nani anataka kukuona unaondoka?"

Mastura anasimama, anajifunga vizuri mtandio.

"Mzee, shikamoo yangu utaipata kila nikikuona, popote nitakapokuwa. Kazi umenifundisha wewe, sijasahau. Zile arobaini zako ziuze kwa wenye maduka ya kuchapa barua, zitawafaa, na nitakusaidia kuwatafuta, hata nikiwa Pasiansi. Lakini yule mtu alikuwa anahesabu hela ya ng'ombe wake mbele ya macho yangu. Akirudi leo nitamuuliza tena. Siombi radhi."