Plake Moja juu ya Bati la Kituo

Kila Jumamosi asubuhi mtaa wetu hapa Bunia hufanya salongo. Tunatoka wote na majembe, tunazibua mifereji na kujaza mashimo ya barabara. Ni kwenye salongo nilipoharibu jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulitengeneza.

Miaka ile ya ujana wangu majirani walitaka kununua plake za jua, zile paneli za umeme, kwa pamoja, ziwekwe juu ya kituo chetu cha afya, kila nyumba ivute waya kutoka pale. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kusoma vijitabu vya usoshalisti, na kusema nilijua. Nikaegemea jembe nikawaambia umeme wa wote hautoki juu ya bati. Unatoka kwenye bwawa kubwa, au kwenye mtambo wa nyuklia wa taifa. Urani ya nchi hii ilichukuliwa na wengine. Tudai irudi kwetu ikiwa taa. Plake ni ubinafsi, nilisema. Wakapiga makofi, na mpango ukafa palepale kando ya mfereji.

Tukangoja. Nguzo za umeme hazikufika. Kila mtu akajinunulia plake yake sokoni, hata mimi. Leo mabati yote yanang'aa, na kituo katikati yao ni giza. Frigo ya kupozea chanjo haina umeme, wanaitumia kuwekea vitambaa. Ubinafsi nilioukemea, mimi ndiye niliyeusaidia kuota.

Sasa binti yangu ana mimba, naye atajifungulia pale. Jumamosi iliyopita, kwenye salongo, nikaomba tukusanye plake zetu kituoni.

Jirani yangu fundi baiskeli akatupa koleo chini. "Muzee, njo weye ulisema plake ni ubinafsi!"

"Nilikosea."

"Na nyuklia yako iko wapi? Imekwama ku bariere ya barabarani?"

Wakacheka mpaka kazi ikasimama. Mama mmoja muuza samaki hakucheka.

"Papa, batoto yangu banasomea ku taa ya plake yangu. Siitoi. Anza na ya kwako, tuone."

Nilirudi nyumbani nikapanda ngazi, magoti yakilia, nikaifungua plake yangu, nikaipeleka kituoni. Mkunga aliipokea, akaigeuzageuza.

"Papa, hii itawasha taa moja. Frigo, hapana."

"Basi hiyo taa uiweke juu ya kitanda cha kuzalia."

Bado naamini umeme ni mali ya wote, na serikali inayotuacha hivi inanikasirisha kila jua likizama. Lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe: palipokuwa na mikono ya mtaa mzima, nimeleta plake moja.

Leo salongo ilipita mbele ya kituo. Watu waliinua macho kuitazama plake yangu juu ya bati. Yule mama muuza samaki aliniuliza kama nimeifunga vizuri, isiibiwe. Nikamwambia nimeifunga. Akaendelea kufagia. Ya kwake ingali juu ya bati lake.