Wenyeji Kivulini, Wakuja Juani

Mimi nina mdomo, sikatai, lakini asubuhi ile ya mkutano wa mtaa niliamka mpole kabisa. Serikali ilitaka kujenga nyumba za kupangisha kwa bei nafuu kwenye kiwanja cha nyuma ya zahanati, na mtaa wetu hapa Songea ulikuwa umechafuka. Wangoni walisema nyumba zote watapewa wakuja, yaani walimu na wafanyabiashara waliotoka kwingine. Wakuja nao wakasema Wangoni wana roho mbaya. Ilifika mahali mtu sokoni anachagua nyanya kwa kabila la muuzaji!

Mimi nilizitaka nyumba zile kwa moyo wote. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kingoni, na kijana wake alikuwa anarudi kutoka Dar na mke na watoto, kwa hiyo chumba kilihitajika. Nyumba zisipojengwa, ningehamia mbali na mama aliyeniuguza malaria kama aliyenizaa. Na ajabu ya Mungu, mpinzani mkuu wa nyumba zile alikuwa yeye.

"Mama, kwani mimi si mkuja?" nilimuuliza tukinywa uji.

"Mkuja wapi! Wewe mpangaji wangu."

"Sasa nitakwenda wapi?"

"Si kuna stoo? Utajibana humo." Akaniongeza uji.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Songea ya Julai haina adabu. Mkutano ulipoanza mbele ya ofisi ya mtaa, mzee mmoja akadai kura wapige wenyeji peke yao. Mwenyekiti, akikwepa ugomvi, akasema wenyeji wasimame upande wa ofisi, wakuja upande wa barabara, tujuane kwanza.

"Mwalimu, vuka," wakaniambia.

"Nivuke kwenda wapi? Kwetu Tunduru si mkoa wa Ruvuma huu huu?"

"Vuka, Myao wewe!"

Nikavuka nimenuna. Wallahi, iliniuma.

Lakini upande wa ofisi ulikuwa kivuli kitupu, na huku kwetu jua lilikuwa la raha. Wenyeji wakaanza kutetemeka. Wa kwanza akavuka, eti amekuja kusalimia. Akafuata fundi baiskeli, akidai bibi yake alikuwa Mmatengo, kwa hiyo hajui vizuri asimame wapi. Kisha bibi kizee mmoja wa Kindendeule akabeba kigoda chake na kuvuka bila kisingizio chochote.

"Kama ni ukuja, nyie Wangoni mlikuja na mikuki mkatukuta hapa," alisema. "Sogeeni huko, nipate jua."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani kufuta machozi. Wangoni ndio waliocheka zaidi, na wakazidi kuvuka.

Kivulini wakabaki wawili, yule mzee na mama mwenye nyumba wangu. Alikuwa amejifunga vitenge viwili na bado meno yanagongana, lakini kwa ubishi hana mwenzake. Mwenyekiti akamwuliza yeye kwanza, maana ndiye aliyekuwa akiongoza wapinzani. Zijengwe au zisijengwe?

Mama alinitazama. Mimi nikatazama chini.

"Wakuja siwataki," akasema kwa sauti kubwa. Nikajifunika kitenge changu, tayari kuondoka.

"Lakini huyu," akaongeza akininyooshea kidole, "hawezi kulala stoo na baridi hii."

Akaja mbiombio, akajibanza ubavuni kwangu na kuingiza mikono yake ya baridi ndani ya kitenge changu.

"Sasa mama," mwenyekiti akauliza, "tukuhesabu na wenyeji au na wakuja?"

"Nihesabu na mwanangu."

Habari ya kura ya wenyeji peke yao ikasahaulika, mikono ya wote ikainuliwa, nyumba zikapita. Sikuona ni mingapi, maana nilikuwa nalia, mwalimu mzima, mbele ya wanafunzi wangu.