Hesabu ya Kwenda na Kurudi Karema

Siku yangu ya kwanza na gari la Hajjati sikulipeleka popote zaidi ya sheli. Alinikabidhi ufunguo asubuhi mbele ya duka lake la vitenge, hapa Mpanda mjini, akapanda mbele, akasema, "Twende tukalijaze." Dada wa pampu alijaza mpaka bomba likajikata lenyewe. Alipotaka kulichomoa nikamwomba asubiri. Nikashuka, nikalitikisa gari kwa bega ili hewa iliyojificha kwenye tangi itoke, akaongeza kidogo tena. Kisha nikairudisha mita ya safari kwenye sifuri.

"Umefundishwa na nani hayo?" Hajjati akauliza.

"Na Afisa Usafirishaji wangu wa zamani, mama."

"Alikuwa mchoyo?"

"Sana."

"Basi mimi na wewe tutaelewana."

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoendesha sasa, ambao gari huwasomea kila kitu kwenye kioo cha dashibodi. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaingia kwenye malori kama utingo, kwa sababu sikuweza kukaa mji mmoja. Nikapata leseni, nikazunguka Tabora, Sumbawanga, Kigoma, kisha nikaangukia mradi wa maji uliokuwa ukichimba visima vijiji vya Mwese. Tulikuwa na pikapu za dizeli. Barabara za kule milimani mnazijua: unapanda kwa gia ya kwanza, unashuka kwa gia ya kwanza. Afisa Usafirishaji alikuwa mtu mwembamba, mkimya, na kila dereva akirudi alisimama naye kwenye pampu. "Sikuulizi umelala wapi," alikuwa akisema. "Nakuuliza mafuta yamelala wapi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kutoka kujaa hadi kujaa. Unajaza tangi mpaka shingoni, unakwenda safari yako, unarudi, unajaza tena mpaka palepale. Mafuta yaliyoingia mara ya pili ndiyo uliyotumia. Gawa kilomita kwa lita, umepata ukweli. Lakini iwe pampu ileile, na gari lisimame limeelekea upande uleule, maana sakafu ya sheli ikiinama kidogo tu, tangi linakubali zaidi au linakataa mapema.

Mradi ulipoisha ndipo nikaenda kwa Hajjati. Gari lake lilikuwa haibridi, la kwanza mimi kulishika. Kwa asiyelijua: lina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Ukiondoka taratibu linakwenda kwa umeme. Ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Hivyo dereva wa haibridi hufanya kazi yake kubwa kwenye mteremko, kwa mguu mwepesi. Mimi niliyezoea kupiga mluzi nikisubiri mteremko uishe, ilinibidi nijifunze upya.

Hajjati alilinunua kwa jambo moja, kumtembelea mama yake kila wiki. Mama yake alikuwa akiishi Karema, kando ya ziwa. Hajjati mwenyewe alizaliwa huko, Mkatoliki, akaingia Uislamu alipoolewa mjini, na wala hilo halikuwahi kuwatenganisha. Bibi, kama tulivyomwita sote, alikuwa mzee sana na alikuwa peke yake. Kaka yake Hajjati, mfanyabiashara wa mchele, alitaka jambo liishe kwa njia nyepesi: gari liuzwe, Bibi aletwe mjini.

"Gari la umeme unalipeleka porini!" alimwambia dada yake dukani, mimi nikiwa mlangoni. "Litakufa huko Kabungu, mtalisukuma na huyo dereva wako."

"Likila mafuta kuliko pikapu yako nitaliuza," Hajjati akajibu. "Na Mama nitamleta mwenyewe. Lisipokula, usinifungulie tena mdomo."

Kwa hiyo kila wiki nilikuwa napima ama Bibi abaki kwake au ang'olewe. Bibi alikuwa ameshasema msimamo wake. "Nije mjini nimwangalie nani? Hapa ziwa linaniamsha."

Tukaanza safari. Kiangazi barabara ile ni vumbi jekundu mwanzo mwisho, na gari fupi kama lile linakwangua tumbo usipochagua pa kupita. Safari ya kwanza, tulipoteremkia ziwani, kioo kikaonyesha wastani mzuri wa mafuta mpaka nikacheka peke yangu. Nikamsomea Hajjati. Hakucheka.

"Hiyo ni ya kushuka," akasema. "Mimi nataka ya kwenda na kurudi. Nani alikwambia tunahamia huku?"

Alisema kweli. Madereva wengi wa njia ile hujisifu kwa namba za kushuka, wakipandisha hawasemi kitu. Tuliporudi na kujaza pampu ileile, tukapata zaidi ya kilomita ishirini kwa lita. Pikapu ya kaka mtu haikufika hata nusu. Hajjati alimpigia simu palepale pampuni, akamsomea namba, akakata bila kusubiri jibu.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Safari ya tatu namba ikashuka kidogo. Nikasema ni upepo wa njiani. Ya nne ikashuka tena. Nikaongeza upepo matairi, nikapuliza kichujio cha injini, nikabadilisha oili. Ikashuka. Nikahisi petroli imechanganywa, tukajaribu sheli nyingine, tukarudi kwetu. Injini, ambayo zamani ilikuwa ikinyamaza kwenye kila mteremko, sasa ilinguruma tu, kama vile betri imekataa kufanya kazi. Fundi akafungua boneti, akaangalia, akafunga.

"Betri imechoka, ndugu yangu. Na betri ya gari hili, heri ununue gari."

Kaka mtu alisikia kabla sisi hatujafika nyumbani. Akaja dukani na mnunuzi kabisa, mtu wa heshima aliyevaa koti kwenye joto lile. Hajjati alimpa chai, akamwambia arudi wiki ijayo. Mtu yule alipoondoka, akaniuliza bila kuniangalia, "Wewe unaonaje?"

"Mimi naona bado sijaelewa, mama."

"Na mimi sina muda wa wewe kuelewa."

Wiki hiyo tulikwenda Karema kumchukua Bibi. Sababu iliyotajwa ni kwamba macho yake yapimwe hospitali. Bibi hakuwa mtoto. Alifunga mlango wake, akazunguka nyumba, akagusa ukuta, akaingia garini. Kwa kawaida kiti cha nyuma kilikaliwa na mfuko wa unga. Kila tulipokwenda, Bibi hakumwacha binti yake aondoke mikono mitupu: migebuka, wale samaki wakavu wa ziwani, kwenye buti, chupa ya mawese, na mfuko mkubwa wa unga wa muhogo aliousaga kwa muhogo wa shamba lake. Buti likijaa, mfuko wa unga ulikaa kiti cha nyuma, umeegemea ubavuni. Safari hii Bibi alikaa pale pale, na unga akaupakata.

Tulikuwa tumeshaanza kupanda aliposema, "Dereva, kuna kitu kinanivuta kanga."

"Ni mlango, Mama, umeibana," Hajjati akasema kutoka mbele.

"Mlango uko huku. Huku ubavuni mwa kiti ndiko kinakovuta. Kinavuta kama mtoto."

Nikasimamisha gari pembeni. Nikaenda nyuma. Ubavuni mwa kiti palikuwa na matundu yaliyofunikwa na wavu wa plastiki, madogo, ambayo siku zote niliyadhani ni urembo au spika. Pindo la kanga ya Bibi lilikuwa limenaswa kwenye wavu, na ndani feni ilikuwa ikilia kwa nguvu. Nikaweka kiganja. Hewa ilikuwa ikiingia, lakini kwa shida, kama mtu mwenye mafua.

Nikautoa wavu kwa ncha ya ufunguo. Ndani kulikuwa na kichujio kidogo, na juu yake vumbi jekundu na unga wa muhogo vimegandana, vigumu kama ukoko wa ugali. Hapo nikaelewa. Betri ile inapoozwa na hewa ya ndani ya gari, na hewa hiyo hupitia pale. Mfuko wa Bibi ulikuwa ukiziba tundu kila wiki, na unga wake ukaingia kidogo kidogo. Betri ikipata joto hujilinda, haitoi wala haipokei umeme, na injini inabeba kazi yote peke yake.

Hajjati alishuka akaangalia ule ukoko kiganjani mwangu. Akaunusa. Akaanza kucheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Mama, unga wako ndio umetaka kukuhamisha!"

"Unga wangu una kosa gani?" Bibi akauliza kwa ukali. "Nyie ndio mmeupakia vibaya."

Tulikisafisha kichujio kwa mswaki mkavu ambao Bibi aliutoa kwenye kifurushi chake. Tukaendelea kupanda, na kabla ya kufika Kabungu injini ilinyamaza kwenye mteremko mdogo. Bibi akauliza, "Limezimika?"

"Hapana, Bibi. Limepona."

Macho yake yalipimwa kweli, akapewa miwani, na baada ya siku chache tukamrudisha kwake. Namba ya safari ile ilikuwa nzuri kama mwanzo. Mnunuzi mwenye koti alikunywa chai nyingine akaenda zake. Tangu hapo Bibi alitia unga kwenye ndoo yenye mfuniko, nayo ikakaa mbele, miguuni pa Hajjati, ambaye alilalamika njia nzima kwa miaka yote iliyofuata. Na kila tulipoaga, Bibi alipitisha mkono dirishani akagusa ule wavu. "Nimemwachia apumue," alikuwa akisema.

Bibi alifariki kiangazi kimoja, kwake, karibu na ziwa lake. Tulikwenda kuzika. Kurudi, Hajjati hakukaa mbele. Alikaa nyuma, pale pa mama yake, na buti lilikuwa tupu. Hapakuwa na samaki, mawese wala ndoo. Niliendesha taratibu kuliko siku yoyote. Tulipofika mjini nikapita sheli kwa mazoea tu, nikajaza, nikatikisa, nikagawa.

"Limekula ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Hatukuwahi kupata namba nzuri kama ile.

Akasema, "Kwa sababu hatukubeba kitu."

Aliliuza mwaka uleule, yeye mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu. Mimi nikaendesha magari mengine, nikahama tena, nikarudi, mpaka mgongo ukastaafu kabla yangu. Sasa niko Kakese, karibu na Mpanda, nalima mahindi na kusikiliza magari yanayopita, na kila moja najua linakwenda wapi. Sijazoea kubaki.

Juzi nilikuwa stendi, nikaliona. Limepakwa rangi nyingine na linafanya teksi, lakini mkwaruzo wa chini ya mlango nilioupata Ikola, kando ya ziwa, upo palepale. Nikapanda nyuma.

"Wapi, mzee?" kijana akauliza. Miaka yangu arobaini na kitu, na tayari mzee.

"Nizungushe tu mjini."

Akaondoka vizuri, mguu mwepesi. Akanionyesha kioo kwa fahari. "Unaona wastani? Hapa Mpanda hakuna anayenipata."

"Umebeba nini?"

"Si wewe tu?"

Nikaegemea ubavuni, nikaweka kiganja kwenye wavu. Feni ilikuwa bado inavuta. Nikapitisha kidole kwenye pembe za matundu, pole pole, pembe moja baada ya nyingine.

"Unatafuta nini huko, mzee?"

Nikakiangalia kidole kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa na vumbi jekundu tu.