Anataka Nimfundishe Mke Wake Kusalimia Wapiga Kura

Mashosti zangu, na nyie makaka mnaosomaga kimya kimya, hamjambo? Admin naomba ufiche jina langu. Mimi binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Tanga, naishi Stratford hapa London, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani kwao. Jamani mwenzenu nimefanyiwa kitu, hata kusimulia naona aibu.

Nilikuwa na mpenzi Mjapani, nimwite Kenji, alikuja huku kusoma. Kwao ubunge ni kama shamba la urithi: babu mbunge, baba mbunge, jimbo lile lile. Baba akapata kiharusi, chama kikasema mtoto arudi agombee. Sasa Kenji mwenyewe baridi kama samaki wa friji! Akikupa mkono utadhani anakurudishia chenji. Mimi mama yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, hayo mambo nimekulia humo. Nikasema huyu namtengeneza! Kijapani nikajifunza mwenyewe kwa CD za maktaba, tukawa tunafanya mazoezi jikoni kwangu, mimi bibi kizee mpiga kura, yeye mgombea. "Shika kwa mikono miwili! Muulize mgonjwa wake kaamkaje! Usiangalie saa we mtu!" Tulicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mama alipofariki Kenji ndiye alinishika nisianguke. Siku anaondoka akaniambia, "Nikishinda nakuja kukuchukua." Nikaamini. Mchumba niliyeletewa na shangazi nikamkataa, eti mimi nasubiriwa Japani!

Akashinda. Simu zikapungua, zikakatika kabisa. Miaka ikapita. Juzi kaja London na wabunge wenzake, rafiki yake wa chuo akaniingiza kwenye tafrija yao. Nikapendeza si mchezo. Nimefika mbele yake, kanishika kwa mikono miwili, kainama, "Karibu sana. Mama hajambo nyumbani?" Mama yangu yule yule aliyenishika siku anafariki! Macho makavu, ameshampa mkono mtu aliye nyuma yangu. Pembeni mkewe, binti wa mkubwa wa chama, tumbo hilo limetangulia.

Kesho yake akapiga simu. Nikajua anaomba radhi. Wapi!

"Nina shida. Uchaguzi umekaribia na mke wangu hajui watu. Kina mama wa jimboni wanasema anaringa. Mfundishe kama ulivyonifundisha mimi. Nimemwambia wewe ni mwalimu wangu wa zamani."

"Na mimi je, Kenji?"

"Wewe watu wangu wangekupenda sana," akasema taratibu, kama anayemliwaza mtoto. "Ila kura wasingenipa." Halafu akaongeza, "Usimfundishe kucheka kwa nguvu kama wewe. Kwetu haipendezi."

Nilikata simu. Nimeapa siendi, mara yule mke naye akapiga, sauti ndogo kama ya panya. "Mwalimu, nakuomba. Tukishindwa, wakwe zangu watasema mkosi ni mimi na mtoto wangu."

Jumamosi ananisubiri hotelini. Mtu aliyeninyang'anya bwana, na hata hajui kama kaninyang'anya! Saa nyingine nasema nimweleze kila kitu, nyumba iwake moto. Saa nyingine nasema nimfundishe makosa matupu, wapiga kura wamkimbie, ubunge ule uwafie mikononi. Halafu nakumbuka ile sauti.

Mwenzangu unayesoma, ungekuwa wewe ndiye umefungua mlango wa hoteli na kumkuta kasimama na tumbo lake, anakusubiri umwambie aanze na nini, ungemwambia nini?