Msiba wa Pointi Tatu

Fidelis ana kosa moja tu duniani: anajua kila kitu. Ni mtu wa Njombe, dereva wa teksi, jirani yangu wa mlango wa pili hapa Alexandria, Marekani. Mwulize njia ya kwenda Silver Spring, atakueleza mpaka barabara ilichongwa lini. Mkewe alifariki binti yao Vumilia akiwa hajaanza shule, na tangu hapo mtoto kakulia ndani ya teksi ile. Kugawanya alifundishwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, baba anasubiri abiria. Nywele nilimsuka mimi, maana baba mtu alijaribu mara moja, jamani, tusiongelee.

Mwaka ule wa tisini na nane Vumilia alifanya mtihani wa kuingia sekondari ya sayansi, ile ya kuchagua watoto. Ada hakuna, ila waombaji ni utitiri. Fidelis akatangaza mezani kwangu, mtoto akisikia:

"Akipata, tunakaa. Akikosa, atasoma kwa masista kule Njombe, akae kwa shangazi yake. Mimi sikuja huku mtoto akasome bora liende."

Vumilia akaacha chakula kwenye sahani. Nilimwambia Fidelis ana roho ngumu, akanijibu sijui malezi. Mie! Niliyelea watatu!

Mwezi wa tatu, Alhamisi mchana, nimetoka kazini hotelini miguu inawaka moto, mlango ukagongwa. Fidelis kasimama na barua, uso umemshuka.

"Dada Leokadia, mtoto amekosa."

"Acha utani, Baba Vumilia."

"Kwa pointi tatu. Tatu tu!"

Nikaisoma mwenyewe. Jumla yake, ishirini na sita. Inayotakiwa, ishirini na tatu. Hesabu tisa, ufahamu tisa, mantiki nane. Yesu na Maria! Sisi tuliomaliza kidato cha nne zama zile tunajua: alama ya moja ni ya vichwa, ya tisa umefeli, na jumla ikizidi mpaka, umeachwa nje. Nikamwita Jeptoo wa ghorofa ya juu, Mkenya, muuguzi, mkubwa wetu kwa umri, nikidhani labda macho yangu yamechoka. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Wacha tu," akasema. "Hata kwetu ilikuwa hivyo. Tisa ni tisa."

Basi tukafanya kama kwetu mtu akipatwa na jambo. Jeptoo akaleta chapati na chupa ya chai. Mie nikabandika wali kwa Fidelis. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani wakapigiwa simu, wakaja na khanga zao mabegani, wakavua viatu mlangoni, wakakaa mpaka sakafuni. Kila aliyeingia alimshika Fidelis mkono: "Pole, baba. Mungu ana makusudi yake." Mmoja akaanzisha wimbo wa kufariji, taratibu, tukaitikia. Mie machozi yalinitoka kabisa, nikimwona mtoto yule anafungasha sanduku.

Vumilia akarudi kutoka shule. Akaona rundo la viatu, akaona sisi, mkoba ukamdondoka.

"Nani amekufa?"

Tukainamisha vichwa. Wapumbavu sisi!

"Hakuna aliyekufa, mama," baba yake akasema. "Ni mtihani tu. Umejitahidi. Pole sana."

Akampa barua. Vumilia akaisoma, akakunja uso, akaisoma tena.

"Baba, nimepita."

"Usijidanganye, mwanangu."

"Tisa ndiyo ya juu! Hakuna kumi! Ishirini na tatu ndiyo ya chini wanayotaka, mimi nina ishirini na sita!" Alisema kwa Kiingereza, kama anavyojibu siku zote, haraka haraka, akageuza karatasi. Kwa nyuma, ambako watu wazima watatu hatukugeuza, maelezo yote yameandikwa.

Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale, jirani wa chini aligonga dari. Jeptoo alicheka mpaka akakaa. Wimbo ule ule ukapandishwa, sasa unachezeka. Mie kwa furaha, na hasira juu yake, nikamchapa Fidelis kwa khanga.

"Mjuaji wewe! Umetutoa machozi bure!"

Naye anacheka na kulia, hajui ashike lipi.

Ila Vumilia hakucheka. Alisimama mlangoni mwa jiko, barua mkononi.

"Baba, kweli ungenirudisha?"

Baba mtu akajifuta macho.

"Ningekurudisha," Fidelis akasema.

"Unipandishe ndege peke yangu?"

Fidelis akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Peke yako? Nani kakwambia peke yako? Teksi nimeshamwambia Ezekiel, dereva mwenzangu, aichukue, nimemwambia leo leo. Tungekwenda wote, mama. Mimi huku ningebaki na nani?"

Hata mie jirani yake sikuwa nalijua hilo. Mtu kaja huku miaka yote ile, na mchana mmoja tu alikuwa ameshaacha kila kitu.

Vumilia, msichana mkubwa wa miaka kumi na tatu, akaenda kumkalia baba yake mapajani, akalia kwa sauti mbele ya wageni wote. Fidelis anampapasa mgongo, "Basi, basi, imekwisha." Mtoto akaongea uso ukiwa shingoni mwa baba.

"Mpigie Ezekiel," akasema. "Mwambie teksi ina mwenyewe."