Tulimucheka shemeki mwenye aliumwa na nyoka

Leo tulimucheka mutu mwenye alikuwa anakufa.
Munitukane tu, muko na haki.

Shemeki Kambale, bwana ya dada yangu, alirudia toka shamba ya kakao huku Oicha. Midomo na mabega vilikuwa vinachezacheza.

"Nyoka ya kijani imeniuma," akasema.

Dada akacheka: "Nyoka ya mu pombe ya kasiksi! Umelewa tena."
Miye nikacheka kumupita.

Akaanguka.

Ku hopitali dokta akatufasiria: ile sumu inafungaka milango yenye potasiamu inatokeaka mu neva. Basi neva hapana pumzika tena, mwili inachezacheza yenyewe.

Serumu, dawa ya sumu ya nyoka, ilikosekana. Alikufa saa kumi.

Dada akauliza dokta: "Alisikia vile tulimucheka?"

"Sumu hiyo hapana gusa akili, mama. Alisikia yote."