Neno Nililomwongezea Mzee Luhende

Nimekosa, jamani, wala simsingizii shetani! Nilikosa kwa ulimi wangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu.

Nilikuwa mkalimani kwenye machimbo ya dhahabu huku Geita. Kizungu changu kilikuwa cha kuokoteza misheni, ila neno moja nililipenda mno: absolutli. Maana yake ni kweli kabisa, bila shaka yoyote. Kila nikilitia mwishoni, bwana msimamizi aliitikia kwa kichwa, nami nikavimba. Chakula kizuri, absolutli! Mvua itanyesha, absolutli! Majivuno matupu.

Siku moja jiwe lenye dhahabu likapotea. Akaitwa mlinzi, Mzee Luhende, asiyejua Kizungu hata chembe. Akanieleza kwa Kisukuma chetu: “Ng'wanawane, mwanangu, nilimwona mtu akitoka shimoni. Mwendo kama wa Masanja. Lakini vumbi lilikuwa jingi, sina hakika.”

Masanja! Rafiki yangu niliyetoka naye Shinyanga kwa miguu kutafuta kazi.

Nikafasiri: “Amemwona Masanja.” Ole wangu, mazoea yakanitoka mdomoni: “Absolutli.”

Bwana akainua kalamu, akaniuliza, “Absolutli?”

Hapo ndipo nilipopaswa kujirudi. Nikaona haya! Ataniona mkalimani wa kubahatisha. Nikajibu, “Absolutli, bwana.”

Masanja akafungwa miezi sita.

Mzee Luhende akanijia. “Ulimwambia kwamba sina hakika?”

“Nilimwambia, baba. Mzungu ndiye hakusikia.” Uongo juu ya uongo!

Masanja alikwisha maliza kifungo ndipo mwizi mwenyewe alipokamatwa. Masanja alitoka gerezani amekonda, shati linampwaya. Mpaka leo hamsalimii Mzee Luhende, na kambi nzima inamwita mzee yule mzushi. Lakini mimi, kwa kuwa nilikuwa nikimpelekea mke wa Masanja unga mumewe alipokuwa kifungoni, nimeitwa ndugu wa kweli. Mtoto wao wamempa jina langu! Wakinipa nimpakate, namrudisha upesi kwa mama yake.

Mara ngapi nimekwenda kwa Masanja ili niseme! Nakaribishwa ugali, nakula, naondoka.

Wakalimani wenzangu, mtu akikupa shaka yake, ifikishe vile vile ilivyo. Usiitie nguvu ambayo mwenyewe hakuitia. Na ukiteleza, jirudi papo hapo, uchekwe yaishe. Mimi niliogopa kuchekwa, na sasa hata ungamo hili nimeliandika bila jina, na Mzee Luhende bado anakula peke yake.